Hivi Mr. Bean ni wa nani hasa? Mbona nembo za mwisho zinabadilika?

#1 Mzee wa Antena
Wakuu salaam.

Jumapili nimemwekea binti yangu wa darasa la nne Mr. Bean zile za zamani, zenye mtu halisi, sio katuni. Mimi nilikuwa nasubiri ziishe nikalale. Huyu mtoto anasoma kila kitu, hadi maandishi ya chini ya chupa ya maji. Ghafla ananiuliza: "Baba, mbona hii mwisho wameandika Thames na ile nyingine Central? Mr. Bean amehama?"

Nikarudisha nyuma, nikakuta kweli. Vipindi vya mwanzo, vya kuanzia 1990, majina yakishapanda inakuja Tiger kwa ajili ya Thames. Vya mbele ni Tiger Aspect kwa ajili ya Central. Jamaa ni yule yule, koti lile lile, gari lile lile lenye kufuli mlangoni, na mdoli wake. Sasa mwenye kipindi ni nani? Na zile nembo zinawekwa za nini, maana nani anazisoma zaidi ya mwanangu?

#2 Siti ya Dirishani
Naweka kigoda hapa. Wajuzi waje.

#3 Chalii wa Salasala
Central si benki kuu hiyo? Bean alikopa, wakamkamata na kipindi.

#4 Fundi Runinga
Mzee wa Antena, jibu ni fupi. Thames ilifilisika mwaka 1992, ikafungwa, jirani akachukua mali. Nembo ni tangazo tu kama lebo ya shati.

Sisi tuliokuwa tunarekodi kanda Kariakoo miaka ya 90 tulikuwa hatuna habari nazo. Kanda ya dakika 180, Bean mmoja dakika 25 na kidogo. Ukimkata majina yanapoanza kupanda, saba wanaingia. Ukiacha majina na nembo, wa saba anakatika kabla hajamaliza vituko vyake na mteja anarudi kukutukana. Kwa hiyo mimi mwenyewe kidole kilikuwa kwenye kitufe, muziki wa kwaya ukianza tu, tap.

#5 Chalii wa Salasala
Kumbe ni wewe! Utoto wangu wote sijawahi kuona mwisho wa filamu yoyote. Nilijua filamu zinaishia ghafla tu kama umeme.

#6 Shangazi wa Leicester
Habari zenu wanangu. Fundi, hapo nakusahihisha. Thames haikufilisika. Nipo huku tangu 1987 na nimeyaona kwa macho.

ITV ya Uingereza wakati ule haikuwa kampuni moja. Ilikuwa mikoa 14 na kampuni 15, kila moja na leseni yake. Zilizidi moja kwa sababu London waliigawa kwa siku za wiki: Thames siku za kazi mpaka Ijumaa jioni, halafu LWT wanashika mpaka Jumapili usiku. Kampuni moja ikitengeneza kipindi, mikoa yote inaonyesha, na ndiyo maana nembo inawekwa, watu wajue kimepikwa jiko gani.

Sheria ya utangazaji ya 1990 ikaleta mnada. Kila anayetaka mkoa anaandika kiasi atakacholipa serikalini kwa mwaka, anafunga bahasha. Majibu yakatoka 16 Oktoba 1991. Thames walikuwa wameandika karibu pauni milioni 33, Carlton wakaandika zaidi ya milioni 43. Thames wakanyang'anywa London. Usiku wa 31 Desemba 1992 ndiyo ilikuwa mwisho wao hewani, asubuhi tukaamka na Carlton. Lakini kampuni yenyewe haikufa, iliendelea kutengeneza vipindi vya kuuza. The Bill, ile ya polisi, waliendelea nayo kama kawaida.

#7 Mzee wa Antena
Asante Shangazi. Kwa hiyo Bean alikuwa anakaa kwa Thames, Thames akafukuzwa nyumba, Bean akaenda kwa Central?

#8 Shangazi wa Leicester
Ndivyo ninavyoelewa. Na Central ndiyo ilikuwa ITV yetu sisi huku, Leicester iko mkoa wao. Sasa sikieni kituko. Kwenye mnada ule ule Central walijua hakuna mtu mwingine aliyeomba mkoa wao. Unajua waliandika ngapi? Pauni 2,000 kwa mwaka. Sio milioni. Elfu mbili. Na Scottish Television vile vile, elfu mbili.

#9 Chalii wa Salasala
Elfu mbili na sifuri zake tatu tu?? Shangazi usitufanyie hivyo. Aliyetoa milioni 33 kanyimwa, wa elfu mbili kapewa mkoa mzima?

#10 Shangazi wa Leicester
Ndiyo hivyo. Mnada wa mtu mmoja.

#11 Kaka Mikocheni
Samahani, mimi nimechelewa. Hii ITV si ile ya Mengi? Carlton alikuwa nani pale?

#12 Siti ya Dirishani
Nilijua tu atatokea mmoja.

#13 Mzee wa Antena
Kaka, ITV yetu ya Mikocheni imeanza 1994. Ya Waingereza imeanza Septemba 1955. Majina yamegongana tu.

#14 Wakili wa Kujitegemea
Shangazi ameeleza vizuri, ila hadithi ya bahasha ni nusu tu. Nusu nyingine ni siasa.

Aprili 1988 Thames walirusha kipindi kinaitwa Death on the Rock, kuhusu askari wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, waliowapiga risasi watu watatu wa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, kule Gibraltar. Serikali ya Waziri Mkuu Thatcher ilijaribu kuzuia kisirushwe, Thames wakarusha. Ukafanyika uchunguzi, ripoti ikatoka mwanzoni mwa 1989 na kwa sehemu kubwa ikakitetea kipindi. Baada ya hapo inakuja sheria mpya ya leseni, na wa kwanza kuumia ni Thames. Unataka niamini ni bahati mbaya?

#15 Fundi Runinga
Wakili, Thatcher aliondoka madarakani Novemba 1990. Mnada majibu yake Oktoba 1991. Alikuwa anawaonea akiwa nyumbani kwake?

#16 Wakili wa Kujitegemea
Sheria ilipikwa akiwa jikoni. Anayepakua ni mwingine.

#17 Shangazi wa Leicester
Huku watu bado wanabishana hilo hilo. Mimi nina sababu moja ya kusita: TV-am, ile ya asubuhi, bosi wao Bruce Gyngell alikuwa mtu wa Thatcher kabisa, aliwashinda wafanyakazi waliogoma. Naye alipoteza leseni mnada ule ule. Thatcher akamwandikia barua ya kusikitika, na Gyngell akaisoma hadharani. Kama sheria ilikuwa fimbo ya kuwapiga maadui, mbona ilimvunja mguu na rafiki?

#18 Wakili wa Kujitegemea
Fimbo ukiirusha gizani haichagui. Sijasema alilenga vizuri.

#19 Kisiwandui Asilia
Asalaam alaykum. Nyinyi wa bara mnazungumza kanda za miaka ya 90. Sie Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70 mwanzoni. Bara mmeanza kuona picha 1994. Naomba heshima kidogo.

#20 Chalii wa Salasala
Nilikuwa nasubiri hii. Mzanzibari hawezi kuingia uzi wa TV bila kuitaja ile ya rangi.

#21 Kisiwandui Asilia
Na ntaitaja tena kesho. Waingereza wenyewe, BBC One na ITV, rangi wameanza Novemba 1969. Hatukuachwa mbali.

Mie ntakupeni kisa cha nembo. Palikuwa na filamu za wanyama, na kabla ya wanyama anatokea mpanda farasi wa fedha, kavaa chuma mwili mzima, kashika bendera. Anazunguka taratiibu, nyuma yake giza, na hakuna mtu anayemzungusha. Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa anatufunika macho kwa kanga. "Huyo si sanamu, huyo anakutazama." Ukichungulia kwenye tundu la kanga, farasi keshageuka, yuko usoni mwako. Mpaka leo sipendi sanamu ya fedha ndani ya nyumba yangu.

#22 Mwongoza Watalii Arusha
Kisiwandui, huyo ni wa Anglia Television, wa mashariki ya Uingereza, makao yao Norwich. Sanamu ni ya kweli, sio mchoro. Imetengenezwa London mwaka 1850 kwa ajili ya mfalme wa Uholanzi. Baadaye mwenyekiti wa Anglia akaiona dukani London, wakainunua, wakaiweka juu ya meza ya kuzunguka na kuipiga picha. Ikadumu toka 1959 mpaka 1988.

Filamu za wanyama ulizoona huenda ni Survival. Hao Anglia walikuwa wateja wakubwa wa huku kwetu. Alan Root na mkewe Joan, waliokuwa wanaishi Kenya, waliwatengenezea filamu ya nyumbu wa Serengeti, ya vichuguu vya mchwa, na ya puto kupita juu ya Kilimanjaro. Mimi wazee walionifundisha kazi walikuwa wanamzungumza Root kama jirani. Jamaa alikuwa anakaa na kichuguu kimoja hata mwaka mzima.

#23 Kisiwandui Asilia
Wallahi miaka hamsini naogopa sanamu ya Mholanzi.

#24 Mwongoza Watalii Arusha
Mimi kilichoniuma ni kingine. Nyumbu ni wetu, mto ni wetu, vumbi letu, mwisho inakuja nembo ya farasi aliyevaa chuma. Nikiwa mdogo nilidhani yule ndiye mwenye nyumbu.

#25 Mjaluo wa Eastlands
Sasa hapo umegusa, ndugu yangu. Sisi Nairobi tulikuwa na VoK, yaani Sauti ya Kenya, baadaye KBC, na hapo Mind Your Language haikuwa inakosa. Mtaa mzima tuko kwa nyumba moja, Greatwall nyeusi na nyeupe. Ile ni ya LWT. Nembo yao ilikuwa mistari inakimbia inajikunja hadi inakuwa herufi. Kwetu ilikuwa mistari ya kijivu, juzi tu nimeona kwa YouTube ndiyo nikajua kumbe ina rangi. Nimekaa tu nikitazama hiyo nembo mara nne, kipindi chenyewe sijafungua.

#26 Siti ya Dirishani
Hiyo ndiyo ile ya darasa la Kiingereza la watu wazima? Nasikia huko kwao waliifuta kwa sababu inadhalilisha wageni.

#27 Mjaluo wa Eastlands
Walianza 1977, wakafunga 1979, ikarudi kidogo 1986. Michael Grade wa LWT ndiye aliifuta, aliona ni matusi. Sisi wageni wenyewe ndio tuliipenda, bana. Nenda ueleze.

#28 Mhasibu Mwanza
Wakuu, ngoja niongeze swali kabla uzi haujafungwa. Vipindi vya BBC pale mwisho hawaandiki mwaka kwa tarakimu. Wanaandika kama mtu anapiga chafya: MCMXC. Nilipiga hesabu nikapata 1890. Kuna TV wakati huo?

#29 Mzee wa Antena
Mhasibu!! Hivi vitabu vya watu unavijazaje? M ni 1000, CM ni 900, XC ni 90. Jumla 1990.

#30 Mhasibu Mwanza
Haya nimekosea, X na C zilinichanganya. Lakini swali linabaki, kwa nini Kirumi?

#31 Fundi Runinga
Ili usijue kipindi ni cha zamani. Wanakurudishia kitu cha miaka kumi na mbili iliyopita, maandishi yanakaa sekunde mbili, mpaka umalize kuhesabu hizo M na C, habari zimeanza. Ujanja wa muuza mitumba anayekata lebo.

#32 Wakili wa Kujitegemea
Mimi naona ni desturi tu iliyorithiwa kutoka filamu za sinema, zilianza zamani kuandika hivyo. Mwaka unawekwa kwa ajili ya hakimiliki. Ungekuwa unafichwa usingewekwa kabisa.

#33 Shangazi wa Leicester
Marehemu mume wangu alikuwa anasema ni ulimbwende wa waliosoma Kilatini, basi. Na mpaka miaka hii ya 2000 bado wanaandika MM na wenzake, wakati hata mtoto anaweza kutafuta mwaka kwenye simu. Kwa hiyo ya Fundi inapungua nguvu.

#34 Fundi Runinga
Haipungui. Mwizi akishazoea hata mlango ukiwa wazi anapitia dirishani.

#35 Mhariri wa Video
Nimeusoma uzi wote nikiwa kwenye foleni ya Mwenge. Mimi nahariri matangazo na tamthilia hapa Dar. Mnakosea kitu kimoja: mnasoma nembo, hamsomi neno lililo katikati. Tiger KWA AJILI YA Thames. Hapo kuna watu wawili. Mmoja ametengeneza, mwingine ameagiza na ndiye mwenye kituo.

Chukulia fundi cherehani. Wewe umenunua kitenge, yeye ameshona. Gauni la nani? Lako. Lakini fasheni je? Shoga yako akitaka la namna ile ile anaenda kwa nani? Uingereza zamani mwenye kitenge alichukua vyote, gauni na fasheni. Channel 4 ilipoanza, 2 Novemba 1982, haikuwa na cherehani kabisa, vipindi vyake iliagiza kwa watu wa nje, ndiyo vikampuni vidogo vikazaliwa kama uyoga. Hat Trick ya 1986 ni wa kizazi hicho. Halafu ile sheria ya 1990 aliyoitaja Shangazi ikawalazimisha BBC na ITV nao wachukue asilimia 25 ya vipindi vyao kutoka nje. Na sheria ya 2003 ikawawezesha mafundi kubaki na fasheni zao, mwenye kituo analipia haki ya kuonyesha tu.

Kuanzia hapo ile nembo sio lebo ya shati tena, Fundi. Ni hati ya kiwanja.

#36 Fundi Runinga
Hati ya kiwanja inakaa kabatini. Hii inaonyeshwa watu wote. Nabaki na lebo.

#37 Shangazi wa Leicester
Na siku hizi hata hiyo hati huioni. Majina yakianza kupanda wanayabana kwenye kona, yanakuwa madogo kama sisimizi, huku mtangazaji anakuhubiria kipindi kinachofuata. Watu wamekesha miezi kwenye kazi, majina yao yanapita kama basi la usiku. Nembo ndiyo inaachiwa nafasi. Mwenye mali haminywi.

#38 Mhariri wa Video
Shangazi umemaliza. Huku kwetu ni hivyo hivyo. Niliwahi kuhariri tamthilia vipindi 13, kituo kikakata majina yote mwisho, kikaacha nembo ya mdhamini. Mama yangu alikaa mpaka mwisho kila wiki akisubiri jina langu.

#39 Siti ya Dirishani
Pole mkuu. Hiyo imeniuma.

#40 Mmanga wa Muscat
Sasa niwachanganye kidogo. Tiger Aspect leo ni ya nani? Iliingia kwa Endemol 2009. Endemol Shine ikanunuliwa na Banijay mwaka 2020. Banijay ni Wafaransa. Kwa hiyo Mr. Bean sasa hivi mwenyewe yuko Ufaransa.

#41 Chalii wa Salasala
Hapana. Kataa.

#42 Mmanga wa Muscat
Subiri. Thames nayo: 1993 ikanunuliwa na Pearson, halafu vipindi vya Pearson vikaingia RTL mwaka 2000, na RTL ni ya Bertelsmann. Wajerumani. Lile jina la mto wa London liko mfukoni mwa Mjerumani, ndiyo hao wanaoweka nembo kwenye Britain's Got Talent.

#43 Kisiwandui Asilia
Ile ya Thames niliipenda. Minara ya London inachomoza, chini maji, na minara inajiona kwenye maji. Na ule mlio wa tarumbeta. Bibi hiyo hakutufunika.

#44 Shangazi wa Leicester
Johnny Hawksworth ndiye aliyetunga mlio huo. Msije London mkatafuta mandhari hiyo, hamtaiona. Waliyakusanya majengo, Mtakatifu Paulo, daraja la Tower, Big Ben, wakayapanga yakae pamoja kama watu wanapiga picha ya harusi.

Na Mmanga, umesahau tamu zaidi. Carlton waliomfukuza Thames, 1994 wakaimeza Central. Ile ya elfu mbili. Na 2004 Carlton na Granada wakaungana, ikawa ITV moja ya Uingereza na Wales. Leo nyumba zote hizo zimebaki majina.

#45 Mjaluo wa Eastlands
Granada si mji wa Hispania? Hao nao walikuwa wa nani?

#46 Shangazi wa Leicester
Wa Manchester. Sidney Bernstein aliupenda mji ule wa Hispania, akaipa kampuni yake jina. Na alipoulizwa kwa nini alitaka leseni ya kaskazini, alisema alitazama ramani mbili, ya watu na ya mvua. Penye watu wengi na mvua nyingi, watu hawatoki nje.

#47 Mhasibu Mwanza
Huyo angeleta kituo Bukoba angetajirika.

#48 Wakili wa Kujitegemea
Narudi kwa Thatcher kidogo. Hakuna aliyenijibu kuhusu Death on the Rock.

#49 Fundi Runinga
Tumekujibu mara mbili. Milioni 43 ni nyingi kuliko 33.

#50 Wakili wa Kujitegemea
Lakini kulikuwa na mwombaji wa tatu wa London, CPV-TV ya David Frost na Richard Branson, aliandika zaidi ya milioni 45, akaambiwa ubora wa mipango yake hautoshi. Kwa hiyo pesa peke yake haikuamua. Kama ubora ulikuwa unatazamwa, mbona Thames wenye miaka 24 ya kazi hawakuhesabiwa?

#51 Mhariri wa Video
Hapo Wakili ana pointi. Nilidhani ni pesa tupu.

#52 Shangazi wa Leicester
Ubora ulikuwa kizingiti cha kuingilia tu, mwanangu. Ukishakivuka, wanatazama bahasha. Thames na Carlton wote walivuka. Palikuwa na kifungu cha kumpa mwenye ubora wa kipekee hata kama pesa zake ni chache, ila hakikutumika. Kwa nini hakikutumika, hapo ndipo mnaweza kugombana mpaka asubuhi.

#53 Wakili wa Kujitegemea
Basi tugombane.

#54 Mzee wa Antena
Wakuu nawashukuru. Nimemsomea binti majibu, nikaruka matusi ya Chalii. Ametulia, halafu akauliza kama Mr. Bean ni Mfaransa kwa nini haongei Kifaransa. Nikamwambia haongei lugha yoyote. Akasema basi ndiyo maana wanamuuza wanavyotaka, hawezi kukataa.

Sasa ameng'ang'ania tutafute kipindi ambacho nembo zilikuwa zinabadilika, cha katikati, aone alihama tarehe ngapi. Fundi, una kanda yoyote ambayo hukuikata?

#55 Fundi Runinga
Hakuna hata moja mkuu. Zote nilikata.